Neno la Kuwaita Wale

Si zamani sana, wala si mbali kama mnavyopenda kudhani, kulikuwa na nchi moja ambayo sitaitaja jina. Siogopi. Ni kwamba yenyewe haijawahi kunitaja mimi, nami sipendi kujipendekeza. Nchi hiyo ilikuwa na viwanja viwili vya ndege na haikuwa na ndege, ilikuwa na Wizara ya Uvuvi na haikuwa na ziwa, na kila kiongozi wake, kuanzia juu mpaka chini, alikuwa na watu wake wenye silaha. Waziri wa Uvuvi alikuwa nao sitini, wenye marungu. Waziri wa Afya alikuwa nao mia na ishirini, wenye bunduki, kwa kuwa afya ni jambo nyeti. Hata Mkurugenzi wa Bustani za Maua alikuwa nao wanane, na walipopita mtaani na mapanga yao watu walifunga madirisha, ingawa redio ilisema wanakwenda kupogoa.

Watu hao hawakuwa polisi, hawakuwa jeshi, wala hawakuwa mgambo. Hawakuwa na jina lolote. Raia waliwaita "wale", kwa sauti ya chini, wakielekeza kwa kidevu. Wale wamepita. Wale wamembeba mbuzi wa jirani. Nayo Serikali ilikuwa na hoja safi kabisa: kitu kisicho na jina hakipo, na mtu aliyepigwa na kitu kisichokuwepo ameanguka mwenyewe. Hospitali zote zilikuwa na muhuri wa wino mwekundu uliosema hivyo hivyo, AMEANGUKA MWENYEWE, na muhuri huo ulichakaa ukabadilishwa mara mbili kwa mwaka.

Katika mji mkuu, upande wa Kota za Zamani, palikuwa na mwoka mikate aitwaye Faustini Komba. Asubuhi moja wale sita waliingia dukani kwake, wakaanza kubeba kreti za mikate kama walivyozoea kubeba popote. Desturi ya wenye maduka ilikuwa kusema asanteni na kufuta meza. Faustini akajifuta unga mikononi, akauliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia, "Samahani, ndugu zangu. Nyinyi ni akina nani?"

Wale wakatazamana. Hawakukasirika kwanza. Walikuwa hawajui. Mmoja alifungua mdomo akaufunga. Mwingine akatazama bunduki yake kana kwamba jibu limeandikwa pale. Halafu, kwa sababu hakuna kinachomuuma mtu kama kuonyeshwa mbele ya watu kwamba hajijui, walimpiga kwa mpini wa koleo lake la tanuri, wakamtupa kwenye pikapu, wakaondoka naye. Mke wake, Leokadia, alikimbia nyuma ya gari mpaka kwenye reli, miguu mitupu, akarudi na kuitoa mikate iliyokuwa inaungua.

Melkiori Komba, kaka yake Faustini, alikwenda polisi mchana huo huo. Sajenti wa zamu alikuwa mtu mwema. Alifungua kitabu cha matukio, akashika kalamu, akaishusha.

"Hapa pana safu ya mtuhumiwa, mzee wangu. Niandike nani?"

"Andika wale."

"Nikiandika wale, mkubwa wangu ataniuliza wale wepi. Na nikishamwambia wepi, kesho nami nitakuwa nimeanguka mwenyewe." Akafunga kitabu polepole. "Nina watoto wanne."

*

Mwezi ule ule ikaja barua kutoka kwa wafadhili. Iliandikwa kwa upole, kama wafadhili waandikavyo, ikasema misaada itasimama mpaka Serikali itoe maelezo kuhusu "makundi ya watu wenye silaha wasiojulikana". Baraza la Mawaziri lilikaa siku tatu. Waziri mmoja alipendekeza makundi yavunjwe, na akasindikizwa nyumbani na watu wake mwenyewe, na tangu siku hiyo anatembea kwa magongo, kwani alianguka.

Aliyeokoa kikao ni Waziri wa Maelezo, Mheshimiwa Abneri Mtengeti, mtu mwenye sauti laini na miwani ambayo aliifuta mchana kutwa bila kuivaa. "Waheshimiwa," alisema, "wenzetu hawalalamikii silaha. Wanalalamikia kutojulikana. Basi tuwajulishe." Mawaziri walipiga makofi mpaka chai ikapoa.

Nchi hiyo ilikuwa na Idara ya Istilahi na Majina Yanayofaa. Ndiyo iliyoipa njaa jina la "pumziko la mlo", na ndiyo iliyoita bomoabomoa ya Kota Mpya "kuwapa wananchi anga". Melkiori alikuwa katika mwaka wake wa ishirini na mbili wa kazi hapo. Alikuwa amesoma seminari miaka tisa kabla ya kufukuzwa kwa kucheka wakati askofu anahubiri, na kilichombakia ni Kilatini na tabia ya kukaa wima. Idara ilikuwa na kanuni moja tu, iliyoachwa na mwanzilishi wake, bibi mmoja mkali aliyekwisha kufa: neno haliingii serikalini bila kadi, na maana ya kwenye kadi haiwekwi wala haibadilishwi bila sentensi tatu zilizotoka vinywani mwa watu walio hai, kila moja na jina la msemaji. Serikali ile ilikuwa imevunja Katiba mara kumi na moja. Kanuni hii haikuwahi kuivunja. Ilikuwa ndogo, na kuifuata kuliwapa wakubwa raha ya kujiona watu wa sheria.

Mtengeti alimwita Melkiori ofisini, akamkaribisha kiti.

"Tunataka neno la kuwaita vijana wetu. Kizungu kimechoka. Kiarabu kina wenyewe, watatuuliza. Tafuta lugha ambayo wenyewe wamekufa wote, ili asibaki wa kulalamika."

"Kilatini, Mheshimiwa."

"Hicho hicho." Waziri alipuliza miwani. "Nimesikia una ndugu yako mahali."

Melkiori alikuwa anazihesabu siku.

"Siku ya kumi na tisa leo, Mheshimiwa."

"Kosa lake ni kuuliza swali lisilo na jibu. Sasa fikiri kisomi, Komba. Jibu likipatikana, kosa linakuwa wapi? Halipo. Siku kadi inapogongwa muhuri, mdogo wako anatoka. Mimi huwa natimiza."

Na kusema kweli, mtu huyo alikuwa anatimiza. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

*

Kamusi ya Kilatini ya Idara ilikuwa imeliwa na mchwa kuanzia herufi ya T, ikabaki nzima kwa kilichohitajika. Neno la kwanza Melkiori aliloliona lilikuwa *bucellarii*, askari wa kukodiwa wa mabwana wa Roma ilipokuwa inazeeka, walioitwa hivyo kwa sababu ya mkate mkavu waliolishwa. Wala mkate. Alikaa na neno hilo saa nzima. Alifikiria kreti za Faustini. Alitaka sana kuliandika, ila alijua Mtengeti atauliza limetoka wapi.

Halafu akafika kwenye *comitatus*. Maana yake ni wale wanaokwenda pamoja na mkubwa. Warumi walilitumia kwa msafara wa mtu yeyote mwenye cheo, na pia kwa desturi waliyoikuta kwa makabila ya misitu ya kaskazini: vijana wenye silaha walioapa kwa bwana mmoja, wakala mezani kwake, wakapewa naye farasi na mkuki. Bwana akiuawa vitani, kijana wake aliyerudi hai alibeba aibu hiyo maisha yake yote. Karne zilipopita neno likachoka kupigana, likawa jina la wilaya.

Melkiori aliandika kadi kwa mwandiko wake mzuri wa seminari. *Komitatusi: kundi la watu wenye silaha wanaomfuata mkubwa, wanaokula mezani kwake na kupewa silaha naye, na ambao kwao ni mwiko kubaki hai baada ya bwana wao kufa.* Akaisoma tena. Kitabu kilisema vitani. Neno hilo yeye aliliacha makusudi. Bwana wa nchi ile, Mlezi wa Taifa, asingekufa vitani hata kama vita vingemfuata chumbani, na alikuwa na miaka themanini na minne na kifua kibovu.

Alitaka wale waisome na waogope. Alitaka walale wakihesabu pumzi za mzee, kama Leokadia alivyolala akihesabu siku. Wale wa mzee ndio waliolinda mahabusu; wakikimbia, nani atabaki? Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake, na aliifanya kwa hasira, na katika miaka ishirini na miwili ya kutunga uongo kwa mshahara huo ulikuwa uongo wake wa kwanza wa hiari.

Sentensi tatu za matumizi walizitoa mawaziri wenyewe. Ya Waziri wa Uvuvi ilikuwa, "Komitatusi wangu ni wakubwa kuliko wako." Zilizobaki zilifanana na hiyo.

*

Kadi ilipelekwa Kasri kwa Mlezi wa Taifa, kwani hicho ndicho kilichokuwa cheo chake, na Melkiori alipelekwa nayo ili aeleze. Mlangoni alipewa maelekezo. Mlezi haugui. Mlezi akikohoa, kila aliyemo chumbani anakohoa papo hapo, ili isijulikane kikohozi kilikuwa cha nani. Asiyekohoa anakuwa ametangaza siri ya dola.

Mtengeti aliisoma kadi, na alipofika mwisho sauti ilipungua. "Sehemu hii ya mwisho, Mtukufu Mlezi, tunaweza kuikata. Ni ya kihistoria tu."

Mzee alikuwa amezama kitini, blanketi magotini. "Soma tena."

Mtengeti akasoma tena.

"Mwiko kubaki hai," Mlezi akasema. Macho yalimlowa. "Miaka arobaini nawalisha watu hawa. Miaka arobaini najiuliza, siku nikiondoka, je, watakula siku hiyo? Watakula, mbwa hawa. Watakula na watacheka." Akamtazama Melkiori. "Huyu amenielewa. Mtu wa kwanza. Iwe kiapo. Wale wangu mia tisa waape wote, uwanjani, mbele ya mabalozi."

Kisha akakohoa. Chumba kizima kikakohoa: mawaziri, walinzi, mpishi aliyekuwa ameshika sahani ya papai. Melkiori naye akakohoa kwa bidii, huku moyoni anacheka kama alivyocheka siku ile kanisani.

*

Siku ya kiapo uwanja ulijaa. Wale mia tisa wa Mlezi walisimama kwenye mistari, bereti mpya za zambarau kichwani, neno KOMITATUSI limetariziwa kwa uzi wa dhahabu. Walipendeza na walijijua wanapendeza. Kwa mara ya kwanza walikuwa kitu. Kamanda wao, jibaba moja lililojulikana kwa jina la Chuma, alikuwa analia kwa furaha. Mabalozi waliandika kwenye vijitabu vyao kwamba hali ya kutojulikana imeimarika kuelekea kujulikana.

Mtengeti akasoma kiapo kwenye kipaza sauti, nao wakakirudia kwa mngurumo, mpaka pale mwisho. Mngurumo ukapungua, ukawa mnong'ono wa watu mia tisa.

Chuma akanyoosha mkono. "Samahani, Mheshimiwa. Hapo mwisho hatukusikia vizuri."

"Ni mwiko kubaki hai baada ya bwana wenu kufa."

"Kufa vipi?"

"Kufa, Kamanda. Kwani kuna namna ngapi?"

Jukwaani Mlezi akakohoa. Wote uwanjani wakakohoa, kama sheria isemavyo, lakini safari hii wale walikohoa wakiwa wamekodoa macho jukwaani, wakisikiliza kifua cha mzee kwa umakini ambao daktari wake hakuwahi kuwa nao.

Asubuhi iliyofuata mia sita hawakuonekana kwenye gwaride. Walikuwa wamefiwa na mama zao, wote, usiku mmoja. Baada ya wiki waliobaki nao wakaondoka, na Chuma mwenyewe aliandika barua kwamba ameitwa na Mungu kwenda kulima. Ukweli ni kwamba walihamia kwa Waziri wa Afya na wa Uvuvi, mabwana wenye vifua vizima, na huko wakaendelea na kazi bila jina. Bereti walizitupa mtaroni. Melkiori alizihesabu akienda kazini, akasikia raha ambayo hakuisikia tangu ujana.

Alimpelekea Leokadia habari hizo mbele ya tanuri. "Shemeji, wamekimbia. Hakuna wa kumlinda. Ni siku mbili tatu hizi."

Leokadia alikuwa anakanda unga na hakuacha. "Nitaamini nikimwona mlangoni," alisema.

*

Tatizo la Mtengeti lilikuwa gwaride. Mlezi alipenda kulitazama dirishani kila Jumatatu, na alikuwa anaona vizuri kuliko alivyosikia. Zilitakiwa bereti mia tisa zenye vichwa ndani. Na vichwa vilikuwepo, tena vya bure, chini ya Kasri na katika maghala ya pamba ya zamani: waoka mikate, mafundi cherehani, walimu, na mtu mmoja aliyekamatwa kwa kuita mbwa wake jina lisilofaa. Waliogeshwa, wakavishwa, wakaapishwa kwa makundi ya hamsini hamsini.

"Ndugu yako ametoka," Mtengeti alimwambia Melkiori kwa simu. "Nilikuahidi."

Melkiori alimkuta Faustini kwenye lango la Kasri, bunduki begani, bereti imemkaa upande. Alikuwa amekonda. Shavu moja lilikuwa limezama mahali palipokuwa na meno.

"Wamekutoa," Melkiori alisema.

"Wamenitoa, kaka. Wamenipa na viatu."

"Twende nyumbani. Leokadia anakusubiri."

"Siwezi. Nimeapa." Faustini alisema bila kugeuza shingo, kama walivyofundishwa. "Bunduki haina risasi, lakini risasi zipo kwa watu wa Waziri wanaotulinda sisi. Mzee akifa na sisi basi. Wanasema maneno hayo kayaandika msomi mmoja wa Kilatini."

Melkiori akanyoosha mkono, akamweka bereti sawa.

"Nchi nzima ina msomi wa Kilatini mmoja, kaka."

"Nilitaka wakimbie, Faustini. Nilifikiri wakikimbia..."

"Walikimbia," mdogo wake akasema. "Uliandika vizuri. Walikimbia kweli. Nafasi zao wakatupa sisi."

Gari la waziri likapita, na Faustini akapiga saluti. Alishajua kuipiga vizuri.

*

Mlezi alikufa Jumatano. Redio haikusema. Watu walijua kwa sababu Kasri iliacha kukohoa. Alhamisi Mtengeti alitangazwa kaimu, na maziko yakapangwa Jumamosi, pamoja na shimo jingine pembeni, refu, lililochimbwa na trekta la Wizara ya Ujenzi. Wahandisi walilipima. Walijadili kama bereti zitolewe kwanza au la. Kulikuwa na kamati ya vinywaji. Mimi nasimulia tu, ila nikifika hapa kila mara mate hunijaa mdomoni kwa uchungu: walikuwepo watu wazima, wenye shahada na wajukuu, waliokaa kwenye kamati ya vinywaji.

Melkiori alikwenda kwa Mtengeti akapiga magoti. Alikiri neno aliloliacha kwenye kadi. Aliomba lirudishwe lile "vitani", neno moja tu.

"Kwa nini unanipigia mimi magoti?" Mtengeti alisema, na alionekana kushangaa kweli. "Kanuni ni ya Idara yenu. Leta sentensi tatu, za watu walio hai, na majina yao. Mpaka kesho jioni."

Sokoni hakuna aliyetaka kulisema neno lile. Walimwonyesha kwa kidevu. "Wale," walisema, "sisi tunasema wale, hilo lenu tuachieni." Melkiori alizunguka na kadi zake toka asubuhi mpaka miguu ikavimba, na saa nane mchana alikuwa na kadi tupu. Akaingia kwenye duka la mkate akakaa chini sakafuni.

Leokadia alisikiliza yote. Alisikiliza na lile la neno aliloliacha. Hakumtukana, na afadhali angemtukana. Aliinuka akaufunga mlango wa duka, foleni ya wanawake ikiwa ndani, akasema hatauza mkate mpaka apate anachotaka.

"Andika wa kwanza mimi. Leokadia Komba. Mume wangu ni komitatusi, na Jumamosi atarudi kula kwake."

Wanawake wakatazama chini. Wa pili alikuwa muuza maandazi wa kona, ambaye alisema haraka haraka kama mtu anayemeza dawa: komitatusi akimaliza kuzika anakwenda zake. Wa tatu hakupatikana kwa muda mrefu. Hatimaye mama mmoja mshona nguo, Bi Siwatu, mjane ambaye hakuwa na mtu wake yeyote ndani ya bereti zile, akasogea mbele na kikapu chake.

"Na jina linaandikwa?"

"Linaandikwa, mama. Bila jina haikubaliki."

"Basi andika Siwatu binti Mahimbo. Komitatusi naye kazaliwa, bwana akifa yeye aishi." Kisha akanunua mkate wake mmoja, akatoka.

Mtengeti alizisoma sentensi hizo mara mbili. Alizipenda. Akachukua kalamu, akaandika maana mpya kwa mkono wake mwenyewe chini ya zile sentensi: *na bwana akifa, hurithiwa na anayefuata pamoja na viti na magari.*

"Mheshimiwa, hilo hakulisema mtu."

"Wamesema waishi. Wataishi wapi, Komba? Watakula kwa nani?" Akaivaa ile miwani, mara ya kwanza Melkiori kumwona nayo. "Wewe ulidhani nilitaka kuzika watu mia tisa walioapishwa? Nani anazika mali? Saini."

Faustini alikuwa nje ya dirisha, kwenye mstari, jasho linamtoka chini ya bereti. Melkiori akasaini. Lile shimo refu likazinduliwa mwezi uliofuata kama bwawa la samaki la Wizara ya Uvuvi.

*

Mlezi mpya, Mtengeti, alikuwa na moyo mzuri. Aliwapa komitatusi risasi, akawapa posho ya nyama, akawaruhusu kulala makwao siku moja kwa mwezi. Faustini alikuja siku hiyo ya kwanza, akakaa kitandani na viatu, hakugusa unga wala tanuri. Leokadia alimwambia avue, aoge, watakimbia usiku kwenda kwa wajomba zake mpakani. Alisema atafikiri. Mara ya pili alikuja na nyama. Mara ya tatu hakuja, alikuwa amepandishwa cheo.

"Siku arobaini nililala kwenye maji," alimwambia Melkiori walipokutana barabarani, bila chuki, kama mtu anayeeleza bei ya kitu. "Hakuna aliyekuja. Hawa walinipa viatu. Sasa nikipita watu wananipisha. Unajua ni raha gani, kaka, mtu kupishwa?"

Mwezi wa tano wa utawala huo, mchana, Bi Siwatu aliingia kwenye duka la mkate akiwa hana kikapu. Kanga yake ilikuwa imechanika begani. Melkiori alikuwepo, akimsaidia Leokadia kupanga magunia, kwani Idara alikwisha kuiacha, au yenyewe ilikwisha kumwacha.

"Wamechukua cherehani yangu," Bi Siwatu alisema. "Mpwa wangu kawazuia, wamemchukua na yeye. Aliyekuwa anawaongoza ni mume wa huyu." Hakumtazama Leokadia. Alikuwa anamtazama Melkiori. "Nimekuja kuchukua sentensi yangu."

"Mama, haiwezekani. Ikishaingia kwenye kadi..."

"Niliisema mimi. Ina jina langu. Naitaka."

Leokadia aliweka chini trei aliyoishika. Uso wake ulikuwa mweupe wa unga mpaka kwenye nyusi. Nje pikapu ilisimama, viatu vikashuka, vingi, na wateja waliokuwa barazani wakaondoka mmoja mmoja bila kukimbia, kama watu waliokumbuka shughuli nyumbani.

Leokadia alikwenda akaufunga mlango, akashusha komeo.

"Leokadia." Sauti ilikuwa ya Faustini, ile ile aliyokuwa akimwamshia alfajiri kuwasha tanuri. "Tumekuja kuchukua mikate ya Kasri. Fungua."

"Mume wangu alichukuliwa na wale," Leokadia aliujibu mlango. "Sijapewa habari kwamba amerudi."

Mtu mmoja huko nje alicheka, akanyamazishwa. Kisha mbao zikapigwa kwa kitako cha bunduki, mara moja, si kwa nguvu sana.

"Kaka. Najua umo humo. Saini yako ndiyo iliyonitoa shimoni, sisahau. Mwambie mke wa mdogo wako afungue, yaishe vizuri."

Melkiori alikuwa hatua mbili kutoka kwenye komeo. Alimpenda mdogo wake. Alimbeba mgongoni siku alipokuwa na surua, maili nne mpaka zahanati, na hata sasa kwa sauti ile mikono yake ilitaka kufungua. Mlango ukapigwa tena, na safari hii bawaba ya juu ikalegea.

Aliinama akashika gunia la unga, akaliburuta mpaka mlangoni, akaliegemeza. Akarudi kuchukua la pili. La tatu lilikuwa zito, kilo tisini, likamshinda. Bi Siwatu akaja akalishika upande wa pili, bila kumtazama, wakaliinua pamoja.